Waya Tatu, Tundu Moja

Iftin, Garissa
9 Februari 1998

Kwako Sirad, binti wa ndugu yangu,

Assalaamu aleikum warahmatullah. Mimi adeer yako Ogle niko mzima, ni magoti tu yameanza kuongea kila nikisimama. Mama Rahmo pia mzima, anauliza kama umenenepa. Nilimwambia huko Eastleigh hata ngamia wa kwenye kalenda wananenepa. Idi tumekula vizuri, ingawa mbuzi waliobaki unaweza kuwahesabu ukiwa umefunga jicho moja. Ule ugonjwa wa mvua umechukua wengi. Alhamdulillahi, watu wako wako.

Usicheke mwandiko. Kisomali tunaongea mpaka koo inakauka, lakini kukiandika mimi na wewe hakuna anayejua, kwa hivyo tunakutana kwa Kiswahili kama watu wa kortini. Na unajua shule mimi sikupita hata kwa dirisha. Kusoma nilisoma nyuma ya malori. Miaka ishirini na sita naendesha Garissa kwenda Mandera, lori iko mbele yangu, vumbi iko, mimi nasoma matako yake: MUNGU YUKO. USINIFUATE. TUTAFIKA TU. Leo naandika barua, na waliosoma darasani wanakuja kwangu niwasomee karatasi ya daktari.

Sasa, ile mashine yako ya sidii ilifika na basi siku ya Alhamisi, imefungwa kwa blanketi kama mtoto. Kondakta akaniuliza, "Mzee, ndani iko nini?" Nikamwambia, "Ndani iko harusi." Akaniangalia sana.

Harusi yako nimeona yote, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Picha safi kama maji ya kisima. Ulivaa ile nguo nyekundu ukapendeza sana. Watu wakala, wakaimba, mashallah. Hiyo imeisha.

Iko tu jambo dogo la jirani. Yule Yahye wa duka amenunua mashine kama yangu, lakini yeye si mtu wa mashine kama mimi. Televisheni yake nyuma iko na tundu moja tu, ile ya antena. Mashine imekuja na waya tatu: njano, nyeupe, nyekundu. Waya tatu, tundu moja! Amejaribu kuzisukuma zote pamoja. Amejaribu na mate. Ananiuliza mimi kwa sababu anajua zamani, lori ikinikatikia mkanda wa feni kule mbele ya Eldas, nilikata mkanda mwingine kwa ngozi ya mbuzi nikafika nayo Mandera, na huyo mbuzi mwenyewe nilikuwa nimemla jana yake. Nimemwambia nitauliza Nairobi. Si kwamba sijui. Nataka tu asikie kwa wengi.

Ile habari ya Desemba, kwamba sikufika harusini, usiiweke moyoni. Maji ya Tana yalikuwa yamekula barabara yote ya Madogo. Hata ndege wa angani walikuwa wanauliza njia.

Msalimie huyo bwana yako.

Ni mimi adeer yako asiye na mfano,
Ogle


Eastleigh, Nairobi
1 Machi 1998

Adeer Ogle mpendwa,

Waaleikum salaam. Sisi hapa hatujambo. Abdinoor hajambo, anakusalimu wewe na Mama Rahmo. Abdisamad mwanao nilimwona Ijumaa, amepata kazi ya kuandikisha mizigo kwenye basi na tayari anatembea kama mwenye basi. Hiyo tabia sijui ameitoa kwa nani.

Adeer, kwenye hiyo sidii nzima hakuna nguo nyekundu. Mchana nilivaa nyeupe, jioni kijani. Mtu wa pekee mwenye nyekundu ni mpishi. Kwa hivyo mpe Yahye pole, na mwambie haya yafuatayo. Kuna fundi hapa karibu yangu, nimemsomea barua yako, naye amesema hivi.

Ile waya moja ya antena hubeba picha na sauti pamoja, kama punda mmoja aliyebeba maji na kuni na mtoto juu. Inafika, lakini imechoka. Hizi waya tatu zimegawana kazi: njano ni picha peke yake, nyeupe na nyekundu ni sauti. Ndiyo maana picha yake ni safi zaidi. Lakini televisheni ya zamani haina mahali pa kuzipokea, na huwezi kuzilazimisha kwenye tundu la antena, hata kwa mate.

Dawa iko. Ile deki ya zamani ya kanda, ambayo najua Yahye hana na wewe unayo chini ya kitanda, itoe. Nyuma yake kuna matundu yameandikwa IN. Waya ya njano iingie VIDEO IN, nyeupe iingie AUDIO IN. Nyekundu iache ilale, deki yako ina sikio moja tu. Halafu waya ya antena itoke kwenye deki iende kwenye televisheni, kama ulivyokuwa ukitazama kanda. Kwenye deki bonyeza mpaka iandike AV.

Adeer, habari ya maji nimeielewa. Lakini Abdisamad alivuka maji hayo hayo, siku hiyo hiyo, kwa mashua, na watu kumi na zaidi. Alikuja na karatasi yako ya idhini. Ilikuwa na mistari mitatu. Baba angekuwa hai angekaa yeye pale mbele ya sheikh. Hayuko, na wewe ndiye ulinilea tangu nina miaka minne. Kile kiti kilikuwa chako.

Sina zaidi. Nisalimie Mama Rahmo.

Sirad


Iftin, Garissa
20 Machi 1998

Sirad, mkuu wa wilaya ya Eastleigh,

Assalaamu aleikum. Magoti yanakusalimu yote mawili. Mama Rahmo amepata mbuzi wawili wa maziwa kutoka kwa dada yake, sasa anatembea hapa nyumbani kama serikali. Mvua imekauka, nzi wamebaki.

Haya, umenishika. Hiyo televisheni si ya Yahye. Yahye hana hata redio, ana kuku tu. Nguo nyekundu nilisema kwa sababu kila bibi harusi ninayemjua alivaa nyekundu. Mzee akikosea kidogo unamtangaza mpaka kwa fundi? Sawa.

Nimetoa deki. Ndani yake kulikuwa na nge, tukaelewana, akaenda. Nikafunga waya. Mara ya kwanza nilitia njano kwa tundu ya sauti, na wallahi mashine ikalia kama fisi aliyefungiwa choo. Mama Rahmo alitoka na viatu mkononi. Yahye akasema ni jini. Mimi nikasimama hapo hapo, sikutikisika, nikasema, "Hii si jini, hii ni njano iko mahali pa nyeupe," nikabadilisha. Kimya. Yahye sasa ananiita injinia.

Sauti ikaja. Sirad, tumesikia harusi yako! Tulikaa Ijumaa baada ya Alasiri, tukasikiliza yote kama redio. Mama Rahmo alisikia wanawake wanaimba, akajua sauti ya kila mmoja, "huyu Faduma, huyu Idil", halafu akalia na shuka yake. Mimi sikulia. Ilikuwa vumbi.

Lakini picha haitaki. Iko, lakini haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na inapanda juu. Inapanda, inapanda, kama watu wote wa harusi wanachotwa kwa ndoo. Nikainamisha kichwa, haikusaidia. Yahye alilala chali, yeye pia hakuona.

Muulize fundi wako. Mwambie mzee amesema ana akili. Ile maneno ya punda nimeipenda, nimeisema sokoni kama yangu. Ni kijana wa wapi? Ana adabu kwenye maelezo, hanifanyi mjinga. Mafundi wa hapa ukiwauliza wanapumua kwa pua.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Adeer yako,
Ogle


Eastleigh, Nairobi
12 Aprili 1998

Adeer,

Idi njema, ingawa barua itafika Idi imeshaoza. Sisi tumechinja, Abdinoor alimshika mbuzi mwenyewe, akapigwa teke kwenye goti. Sasa na yeye anaongea kila akisimama.

Nianze na picha, maana najua ndiyo utatafuta kwanza. Fundi anasema mashine na televisheni hazisikilizani. Kuna namna mbili za kutuma rangi. Moja inaitwa PAL, ndiyo ya televisheni zetu. Nyingine inaitwa NTSC, ya nchi nyingine. Mashine ikituma ile nyingine, televisheni yako inapata maneno haielewi, inashika nusu: inapoteza rangi, na picha inapanda. Kwenye rimoti, chini kulia, kuna kitufe kimeandikwa P/N. Kibonyeze mara moja, ungoje, ukibonyeze tena, mpaka picha isimame na rangi irudi. Hakuna kitu cha kufungua. Usifungue kitu, Adeer. Nakujua.

Sasa na mimi nina langu.

Nina mimba. Inshallah ni mwisho wa Septemba. Umeniuliza habari ya fundi, ukaniuliza habari ya deki, hukujibu habari ya kiti. Kwa hivyo nauliza wazi. Barua mbili umeniandikia tangu harusi, na hata mara moja hukuandika jina la mume wangu. "Huyo bwana yako", basi. Watu wameniambia hukuja kwa sababu yeye ni Mborana wa Wajir, si wa kwetu. Mimi niliwagombeza. Lakini sasa nakaa hapa nawaza.

Mtoto wa kwanza nataka nimzalie nyumbani kwenu, nikae arobaini mikononi mwa Mama Rahmo, kama kila msichana wa kwetu. Lakini siingii nyumba ambayo mume wangu hatakiwi mlangoni. Kama ni hivyo niambie, nitazalia hapa Nairobi, na sitakulaumu mbele za watu.

Nijibu hilo. Picha inaweza kungoja.

Sirad


Iftin, Garissa
10 Mei 1998

Sirad mwanangu,

Mashallah, mashallah, mashallah. Nilisoma barua barazani, nikasimama bila magoti kusema neno. Mama Rahmo ameshaanza kutengeneza samli. Yahye alipigiwa vigelegele asubuhi nzima kama yeye ndiye baba. Lala sana, usibebe maji, usipande ngazi, na ukitamani kula udongo ule wa Garissa, wa Nairobi una petroli.

Sasa kile kitufe. Nilibonyeza. Mara ya pili ikasimama! Rangi ikaja yote mara moja, kama mtu amefungua duka la nguo. Ni kweli ulivaa nyeupe. Tukaona wanawake wanakupaka hina, tukaona Faduma anajipenyeza mbele ya kamera kila mara kama anatafuta kura. Dakika kumi, labda kumi na tano, picha ikaganda. Uso wako ukawa vipande vipande kama mozaiki ya msikiti. Halafu ikazima yote ikaandika NO DISC. Nikatoa sidii, nikatia tena. NO DISC. Iko ndani! Naiona kwa macho! Mashine inanidanganya mbele ya wageni.

Sidii ni safi, haina mkwaruzo hata moja, naishika kwa kingo kama chapati ya moto. Yahye anasema imekufa. Mimi nakataa. Hii mashine hakuna mtu ameiheshimu kama sisi. Haikai chini, inakaa juu ya sanduku la nguo la Mama Rahmo. Kila Ijumaa kabla ya kuiwasha tunafungua mfuniko wake, Mama Rahmo anaweka chetezo hapo chini na uunsi mzuri kabisa, ule ubani wake wa sukari na manukato, moshi inaingia vizuri ndani mpaka inanukia. Si bibi harusi ndiye yuko ndani? Hawezi kuingia nyumba yangu bila kufukizwa. Wiki tano hatujakosa hata moja. Na bado inaniambia NO DISC, bila aibu.

Muulize fundi. Huyo kijana namwamini. Na hujaniambia ni mtoto wa nani. Akija Garissa atakula kwangu, mwambie.

Ile swali lako ni kubwa, karatasi hii imekaribia kuisha.

Ogle


Eastleigh, Nairobi
28 Mei 1998

Adeer,

Salamu zote. Tumbo linakua, miguu inavimba kidogo, daktari anasema ni kawaida. Mwambie Mama Rahmo samli asiimalize kwa wageni.

Fundi alisoma barua yako mwenyewe safari hii. Alipofika kwenye uunsi aliweka karatasi chini, akaenda akasimama ukutani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Adeer, alicheka mpaka mafundi wenzake wakaja kuangalia. Halafu akaniambia, "Miaka minane natengeneza mashine. Nimetoa mende, nimetoa sarafu, nimetoa ugali. Sijawahi kuletewa mashine iliyofukizwa kama bibi harusi. Usimwambie mzee nimecheka." Basi, sikukwambia.

Anaeleza hivi. Mashine haina macho kama yetu. Chini ya mfuniko, karibu na katikati, kuna kijicho kidogo cha kioo, kidogo kuliko punje ya mahindi. Hicho ndicho kinasoma sidii. Moshi wa uunsi una utomvu na sukari, na wiki tano umekipaka ukungu. Kwa hivyo mashine haidanganyi, ni kipofu. Sidii yako ni nzima.

Chomoa plagi kabisa. Chukua pamba kidogo, izungushe kwenye kijiti, ichovye kwenye spiriti ya dawa ya zahanati, siyo petroli, siyo samli. Pangusa kijicho polepole, kama unamtoa mtoto uchafu jichoni. Usikandamize. Acha kikauke nusu saa, funga mfuniko, ndipo uwashe. Na chetezo kihamie chumba kingine, heshima itafika tu.

Umeuliza mara mbili fundi ni mtoto wa nani. Ni mtoto wa Mzee Alio wa Wajir. Jina lake ni Abdinoor. Ndiye aliyechagua hiyo mashine, akaifunga kwa blanketi letu. Maneno ya punda ni yake. Hakutaka nikwambie, alisema, "Mzee asije akatengeneza kwa kulazimishwa." Mimi nimechoka kuficha.

Usinijibu habari ya waya. Nijibu swali.

Sirad


Iftin, Garissa
19 Juni 1998

Sirad,

Waaleikum salaam. Nyumba nzima iko sawa. Leo sitaki mzaha mrefu.

Nilipangusa kile kijicho kama Abdinoor alivyosema. Pamba ilitoka ya rangi ya chai. Nilingoja, si nusu saa, saa nzima. Nikawasha. Ikasoma. Nilimtoa Yahye nje, nikafunga mlango, tukakaa mimi na Mama Rahmo peke yetu.

Tukafika pale sheikh amekaa. Anauliza, "Walii wa bibi harusi yuko wapi?" Watu wanageuka geuka. Abdisamad anatoa karatasi yangu mfukoni, kona imelowa. Anampa sheikh. Sheikh anaifungua. Na hapo Abdinoor anaweka mkono juu ya ile karatasi. Anamwambia sheikh kitu, anaangalia mlango. Sauti haisikiki, watu wanaongea. Nilirudisha mara nne. Mama Rahmo akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akasoma midomo yake. Akasema, "Anasema, tungoje kidogo."

Na mkangoja. Mpiga picha hana la kufanya, anapiga picha viatu vya watu mlangoni. Nilitazama saa yangu. Dakika sita za viatu. Kila mtu akiingia Abdinoor ananyanyuka nusu, halafu anakaa. Mimi miezi yote nilifikiri mlisoma ile karatasi haraka mkaendelea kula.

Sasa nasema. Nimeandika mwanzo huu mara tatu nikachana.

Siku ile nilivaa kanzu mpya, nikatoka na Abdisamad mpaka pale barabara inaingia majini. Mashua ilikuwepo, ya bati. Watu kumi na wawili walikuwa wameshakaa, na mbuzi wawili. Mama mmoja mzee kuliko mimi amekaa, anakula tende. Nikaweka mguu ndani. Mashua ikatikisika. Nikatoa mguu. Nikaweka tena. Nikatoa. Sirad, miguu ilikataa. Mimi maisha yangu yote chini yangu iko ardhi, hata ikiwa mbaya ni ardhi. Nilitazama yale maji ya rangi ya maziwa ya chai, yanapita na miti mizima, na nikajua siwezi. Niliogopa. Hiyo ndiyo neno lenyewe, sijawahi kuliandika, sijui hata kama nimelipatia.

Nikamwambia Abdisamad tumbo linaniuma. Nikaandika karatasi juu ya goti. Mistari ilikuwa mitatu kwa sababu wa nne haukusomeka, nikaukata. Nikasimama pale mpaka mashua ikafika ng'ambo. Yule mama wa tende alishuka mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Njiani kurudi nikakutana na watu wananiuliza mbona umerudi na kanzu safi. Nikasema niliona mamba amelala mbele ya mashua, urefu wa basi. Hakukuwa na mamba. Hata chura sikuona.

Haikuwa Uborana wake, wallahi billahi. Jina lake sikuliandika kwa sababu kila nikitaka kuliandika naona ile mashua. Mtu ambaye sikuweza kumvukia maji, nitamwita kwa jina namna gani?

Kama utazalia Nairobi nitaelewa.

Ogle


Eastleigh, Nairobi
6 Julai 1998

Adeer wangu,

Barua yako niliisomea dukani nimesimama, mteja mmoja akaniletea kiti.

Yaani miezi saba ulikubali nikuone mtu mbaya, ili nisikuone mtu mwoga? Mimi nilikuwa nalala na hiyo kitu kifuani. Nilikuwa nikimwangalia Abdinoor akila nasema moyoni, huyu mtu amedharauliwa kwa ajili yangu, na hasemi. Ungeniandikia mstari wa nne, Adeer. Hata usiosomeka. Ningeusoma.

Nimekasirika, ujue. Nimekasirika na nimecheka na nimelia, na mtoto ndani amepiga teke kwa yote matatu.

Nikisema woga, mimi nikimwona panya napanda juu ya meza na tumbo hili. Abdinoor anaogopa sindano, siku ya kupimwa damu alikaa chini kabla hawajamgusa. Wewe tu ndiye ulidhani kwenye ukoo huu kuna mtu hajawahi kuogopa.

Tunakuja Jumapili, tarehe 26. Tumekata tiketi za viti vya mbele. Abdinoor atakaa wiki moja arudi kazini, mimi nabaki mpaka arobaini iishe. Lakini nina sharti. Barua zako zote alizisoma, hii sijampa. Nimeificha kwenye khanga. Nimemwambia tu, Adeer atakueleza mwenyewe kwa nini tulingoja. Kwa hivyo umweleze. Kwa mdomo wako, umekaa mbele yake, chai iko katikati. Bila chumvi. Bila tumbo kuuma. Na bila mamba.

Ukiweza hilo, nimekuja nyumbani.

Binti yako,
Sirad


Iftin, Garissa
15 Julai 1998

Sirad mwanangu, na Abdinoor mwanangu,

Chumba kiko tayari, Mama Rahmo amekifagia mara sita. Nitakuwa kwenye kituo cha basi tangu asubuhi, najua mtafika mchana, lakini zamu hii nataka kungoja mimi.

Abdinoor nitamweleza yote, mguu ndani na mguu nje. Nimeshafanya mazoezi kwa Mama Rahmo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu mtu mwenye tumbo hali sahani mbili za wali. Miezi saba alikuwa ananyamaza! Nyumba yangu imejaa wapelelezi.

Kwa hivyo nyumbani hakuna mamba, nimekubali. Lakini mtakaa wiki nyingi, na Yahye atakuja kila siku, na yeye ameshawasimulia watu habari ya yule mamba mpaka mtaa wa Waberi. Nawaombeni, mbele yake tu, mniachie huyo mamba. Nimeanza kumpunguza polepole. Wiki hii ana urefu wa kitanda.

Mje salama.

Ogle